Maduhu, Dereva wa Watu

Mjini Shinyanga, miaka ya tisini ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza, kulikuwa na Pijo 504 ya rangi ya mtindi, yenye safu tatu za viti, ambayo watu waliitambua kwa sauti kabla hawajaiona. Mita yake ya kilomita ilikuwa imefika mwisho na kuanza upya mara tatu. Mara ya nne ikachoka, ikaganda kwenye tarakimu zisizomaanisha chochote. Geji ya mafuta ilikufa zamani. Mlango wa nyuma wa kushoto ulifunguka kwa nje tu, na kioo cha dereva kilipanda kwa kuvutwa na viganja viwili. Hayo yote Maduhu hakuyaita matatizo. Aliyaita tabia, na alisema mtu mzima yeyote anazo za kwake.

Maduhu alikuwa dereva na fundi wa gari hilo kwa miaka kumi na saba. Mwenye gari alikuwa Mzee Ramniklal wa duka la jumla karibu na stendi, mzaliwa wa hapo hapo Shinyanga, aliyeongea Kisukuma kizuri kuliko Wasukuma wengi waliokulia mjini. Ufundi wake Maduhu aliupata kwenye gereji ya kiwanda cha kuchambulia pamba, na alichotoka nacho huko ni masikio. Aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akakuambia ni valvu ipi inayogonga. Moshi aliusoma bila miwani. Mweusi, petroli imezidi. Wa bluu, injini inakunywa oili. Mweupe usiokwisha, tafuta gasketi na ujiandae kusikitika. Na gari likizima njiani alikuwa na utaratibu ambao hakuuruka hata siku moja: kwanza anapima mafuta kwa kijiti, pili anatazama moto wa plagi, mengine baadaye.

Lililomchoma moyoni halikuwa la gari. Miaka tisa nyuma, alipopeleka posa Runzewe kumwomba Limi, mama yake Limi alimwuliza mshenga swali moja tu: hilo gari analokuja nalo ni la kwake? Akajibiwa hapana, ni la mwenye duka. Ndoa ikafungwa, watoto wakaja, na watu wote wakamwita Maduhu Baba Klara kwa jina la binti yake wa kwanza. Mama mkwe peke yake aliendelea kumwita dereva wa watu. Hakulisema kwa chuki. Alilisema jinsi unavyosema fulani ni mrefu, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Wala Maduhu hakuwa na njia ya kumjibu. Kwao mwanamume hazungumzi na mama mkwe wake ana kwa ana. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja wao anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo yale maneno, dereva wa watu, yalimfikia kwa midomo ya wengine, na kila mara yalifika mazima, hayajapungua hata herufi.

Ugonjwa wa Pijo ulianza mwaka 1993, msimu wa pamba ulipomalizika. Mwezi huo Maduhu alipeleka mzigo wa vitenge Buseresere, na huko mtu asiyejulikana akaondoka na mfuniko wa tenki la petroli. Alirudi Shinyanga akiwa amesokomeza tambara kwenye mdomo wa tenki, gari lote likinuka petroli, na Ramniklal akalalamika wiki nzima. Ndipo Maduhu akakaa chini kutengeneza mfuniko wake mwenyewe. Alikata bati nene, akalipinda masikio mawili ya kung'ang'ania, na chini yake akazungusha pete ya mpira wa tairi, ule ule wa kushonea viatu vya makatambuga. Ulipofungwa, ulifungwa kweli. Harufu iliisha siku hiyo hiyo, Ramniklal akausifu mbele ya wateja, na Maduhu akawa anaupangusa kila asubuhi kabla hajagusa vioo.

Wiki chache baadaye gari likaanza kuzima. Ndani ya mji lilikwenda bila neno. Kwenye njia ndefu, ikipita saa moja na dakika kidogo, injini inakohoa, inamisi, inakufa. Maduhu anashuka, anapima mafuta kwa kijiti, anafungua boneti, anaifunika koili kwa kitambaa kibichi ipoe, anakaa kivulini robo saa, anapiga stata, na gari linawaka kama vile lilikuwa linamtania. Alibadilisha platini na kondensa. Akabadilisha koili. Akaifungua kabureta na kuiosha mpaka ingeweza kutumika kunywea chai. Pampu ya petroli akaishusha, akaikagua, akairudisha. Gari likampa wiki moja ya matumaini kila mara, kwa kuwa wiki hiyo halikutoka nje ya mji.

Wakati huo Ramniklal alikuwa amenunua pikapu mpya iliyoendeshwa na mwanawe Rushabh, na Pijo ilikuwa imepata mposaji. Pale Isaka, kwenye stesheni ya reli, aliishi Bujiku, fundi wa mikokoteni ya ng'ombe, aliyeamini kuwa duniani hakuna ekseli inayokaa chini ya mkokoteni vizuri kama ya Pijo. Kila Maduhu alipokwenda stesheni kupakia mzigo wa duka, Bujiku alilizunguka gari akiwa na kamba ya kupimia.

"Sina haraka," alimwambia Maduhu. "Wewe endelea kulitumia tu. Ila usiligonge nyuma."

Mwezi wa kumi Limi alijifungua mtoto wa kiume, na mama yake, ambaye hakuwahi kukanyaga Shinyanga kwa miaka yote tisa, akatuma neno kwamba safari hii atakuja kumlea mzazi. Akachukuliwe. Ramniklal naye alikuwa na binti, Varsha, aliyeolewa kwenye duka la nguo pale pale Runzewe, na alikuwa na hamu ya kumwona. Basi wakaondoka wawili, dereva na tajiri wake. Kwenda tu gari lilizima mara tatu. Mara ya tatu lori la wachimbaji wanaokimbilia machimboni lilipita, na mmoja wao akawapigia kelele kwamba wakichimba hapo walipokaa huenda wakapata chochote. Ramniklal hakucheka.

Kesho yake asubuhi, nje ya duka la Varsha, alisema alichokuwa amelala nacho.

"Maduhu, mimi nimezeeka na gari limezeeka. Tusidanganyane. Tunarudi Shinyanga leo. Likizima mara moja, nitavumilia. Ya pili, nitavumilia. Ya tatu, popote litakapozima, linavutwa mpaka kwa Bujiku."

"Na lisipozima mara ya tatu, Mzee?"

Ramniklal alilitazama gari kwa muda. "Basi lichukue wewe. Mimi nina pikapu. Ulifanyie biashara, uniletee mzigo wangu kutoka Isaka kila wiki, na usiniletee tena habari za koili."

Maduhu aliigusa boneti kwa kiganja. Gari lake. Angekuwa na gari lake, lenye kadi yenye jina lake, na angeegesha mbele ya nyumba yake ambamo mama mkwe angekuwa ameketi. Au angeingia Shinyanga akiwa ndani ya lori la watu wengine, na mama mkwe akiwa shahidi wa kila kitu. Hakukuwa na safari iliyowahi kumtisha namna hiyo.

Mama Limi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alijitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, akapita upande wa pili wa gari akimkwepa mkwewe, akaketi safu ya nyuma kabisa, ubavuni mwa mdomo wa tenki, na kibuyu cha samli, kifurushi cha michembe ya viazi vitamu na kuku mmoja. Ramniklal alikaa mbele. Safu ya kati iliachwa tupu, ikawa ndiyo mpaka.

"Baba Varsha," alisema Mama Limi kwa Kisukuma, gari lilipoanza kwenda, "mwulize dereva kama mtoto ananyonya."

Ramniklal akamgeukia Maduhu aliyekuwa hatua moja kutoka kwake. "Anauliza kama mtoto ananyonya."

"Mwambie ananyonya vizuri, Mzee."

"Ananyonya vizuri, Mama Limi."

"Nimesikia," alisema Mama Limi.

Ikawa hivyo njia nzima, Kisukuma kikitafsiriwa kuwa Kisukuma, na Mzee Ramniklal akigeuka mbele na nyuma mpaka shingo ikaanza kumkaza.

Walipita Ushirombo salama. Maduhu alianza kupiga mluzi, akajuta papo hapo, kwa sababu ndipo injini ilipokohoa. Ikamisi mara tatu, ikafa. Akashuka, akafungua mfuniko wake, akachovya kijiti: petroli tele. Akafunga. Akafungua boneti, akalowesha kitambaa, akaifunika koili, akasubiri. Baada ya robo saa likawaka.

"Moja," alisema Ramniklal.

Kilomita chache kabla ya Kahama likakohoa tena na kufa. Maduhu akashuka bila kumtazama mtu. Mfuniko, kijiti, mfuniko, boneti, kitambaa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akiwa ameinamia injini alisikia sauti ya chini ikitoka safu ya nyuma.

"Baba Varsha, wewe unauza mafuta ya kula."

"Miaka thelathini na moja, Mama Limi."

"Debe likija limezibwa, unalitoboa matundu mangapi ili umimine?"

"Mawili."

"Kwa nini usitoboe moja?"

"Hayatoki. Yanatoka kidogo, halafu yanagoma. Moja la mafuta, moja la kupitisha hewa." Ramniklal alikuwa anajibu kivivu, kama anavyojibu mtoto wa shule. Kisha polepole akageuza shingo yake yenye maumivu kutazama nyuma.

"Hapa nilipokaa," alisema Mama Limi, "kila dereva akifungua kile kifuniko, gari linavuta pumzi. Linavuta kwa nguvu, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua. Likishavuta, linawaka. Mimi sijui gari. Mwambie tu."

Ramniklal aliweka kichwa nje ya dirisha. "Maduhu, umesikia?"

Maduhu alikuwa amesikia kila neno, na masikio yalikuwa yanawaka moto. Mfuniko ule! Katika gari zima kulikuwa na vitu mia ambavyo angekubali vilaumiwe, hata mikono yake kwenye kabureta, lakini siyo mfuniko ule. Na anayeulaumu ni nani? Mtu aliyepanda gari mara tano maishani.

"Mwambie Mama, Mzee, kwamba gari siyo debe."

Ramniklal akavuta pumzi. "Anasema gari siyo debe."

"Sawa," alisema Mama Limi, akaanza kumlisha kuku.

Koili ikapoa, gari likawaka, na Ramniklal akasema, "Mbili." Wakaiacha Kahama nyuma.

Lakini njia ndefu ina ubaya wake, inampa mtu nafasi ya kufikiri. Maduhu aliendesha akiwa amekunja uso, na bila kupenda akaanza kuzikumbuka zile mara zote. Mara ya Tinde, mwezi wa nane, mvua ya ghafla isiyo ya msimu ilimnyeshea hata hakufungua boneti. Alipima mafuta tu, akarudi ndani, akajaribu stata kwa kukata tamaa, na gari likawaka. Wakati ule alisema ni bahati. Mara nyingine kitambaa kilikuwa kimepotea. Mara nyingine hakusubiri. Koili ilipozwa siku nyingine na siku nyingine haikupozwa, alisubiri na hakusubiri, lakini kijiti? Kijiti hakukiacha hata siku moja. Ndio utaratibu. Na huwezi kuchovya kijiti bila kufungua mfuniko. Na mjini gari halizimi, na mjini hajawahi kwenda saa nzima bila kusimama kuchovya kijiti. Na ule mfuniko wa zamani ulioibwa ulikuwa na kitundu katikati, kidogo kama jicho la sindano, ambacho alidhani ni kutu.

Maduhu alipunguza mwendo. Miezi mitatu alikuwa amelinyonga gari kwa mikono yake mwenyewe, kisha asubuhi analipangusia kitanzi.

Alikuwa anatafuta mahali pa kusimama, na namna ya kusimama bila kukiri, wakati injini ilipokohoa. Mbele yao ilikuwa Isaka. Malori ya mizigo iendayo nchi jirani yalikuwa yamepanga foleni, na upande wa kulia, chini ya paa la nyasi, Bujiku alikuwa amesimama katikati ya magurudumu yake, mkono ukikinga jua, akiitazama Pijo inavyokuja ikichechemea.

"Ya tatu," alisema Ramniklal, bila furaha.

"Bado, Mzee. Bado halijafa." Maduhu alilitoa gia, akaliacha liseleleke mpaka pembeni, mguu ukipampu mafuta. Injini ilitetemeka, ikashika, ikaachia. "Mzee, weka mguu wako hapa. Kanyaga, achia, kanyaga. Usiache."

"Mimi?"

"Nakuomba, Mzee wangu."

Mzee Ramniklal, tajiri na hakimu wa safari ile, akauvusha mguu wake wa kulia juu ya gia, kandambili ikamtoka, akakanyaga kwa kidole gumba. Maduhu alikuwa ameshafika nyuma. Alipita sentimita chache kutoka kwenye dirisha la mama mkwe, macho ameyashusha chini, akaushika mfuniko wake kwa mikono miwili na kuuzungusha. Mpira ulikuwa umenyonywa ukang'ang'ania. Akauzungusha tena, kwa hasira yote aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe.

Fyuuu.

Hata Bujiku aliisikia. Injini ikapiga chafya, ikapiga ya pili, ikatulia, kisha ikaanza kuvuma kwa sauti moja, nzito na safi, ambayo Maduhu hakuisikia tangu pamba ikiwa mashambani. Koili ilikuwa bado ya moto. Boneti haikufunguliwa. Hakuna aliyesubiri kivulini. Ramniklal alibaki amekanyaga, mdomo wazi, gari likinguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

"Achia sasa, Mzee," alisema Maduhu. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye aliyaacha.

Bujiku alisogea, kamba ikiwa shingoni. "Limekufa au halijafa?"

"Halijafa," alisema Ramniklal. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimelikanyagia."

"Bujiku, niazime msumari na nyundo," alisema Maduhu.

Akauweka mfuniko juu ya chuma cha kufulia vyuma, akausimamisha msumari katikati, pale alipokuwa akipangusa kila asubuhi. Mkono ulimgomea. Bujiku, aliyekuwa mtu wa kazi na asiyependa kuona kazi ikicheleweshwa, akachukua nyundo na kugonga mara moja. Tundu likatoka, dogo, likapenya bati. Ndivyo mposaji wa ekseli alivyojinyima ekseli kwa mkono wake, na alipoelezwa baadaye alichokifanya alikaa juu ya gurudumu akacheka mpaka akashika mbavu.

Maduhu aliufunga mfuniko. Kisha akasimama pale ubavuni mwa gari, pua karibu na bati, dirisha la nyuma likiwa wazi pembeni yake. Kumgeukia mama mkwe hakuwezekani. Kuondoka bila neno hakukuwezekana pia. Akaweka kiganja kwenye bodi.

"Wewe gari," alisema kwa Kisukuma, "nilikuziba pumzi, na nilipoambiwa nikawa mjuaji. Nisamehe. Wabeja, asante sana."

Kuku akalia. Kisha sauti ya chini ikatoka ndani, nayo ilielekezwa kwenye kiti cha mbele yake.

"Wewe gari, umesamehe. Twende, mzazi ananingoja."

Kutoka Isaka mpaka Tinde, na Tinde mpaka Shinyanga, lilikwenda bila kukohoa hata mara moja. Ikapita saa moja, ikapita na nusu. Ramniklal alikuwa akitazama saa yake, halafu akaacha, akalala na mdomo wazi. Alipoamka walikuwa mbele ya duka lake. Akashuka, akajinyoosha shingo, akapiga bati la paa mara mbili kama anavyopiga mgongo wa mtu.

"Kesho njoo uchukue kadi," alisema. "Na mwambie Mama Limi kwamba..." Akakumbuka anaongea na nani, akainama dirishani akamwambia mwenyewe kwamba gari sasa ni la mkwewe.

Nyumbani Maduhu alishusha kibuyu, michembe na kuku, akaviweka mlangoni, akarudi kwenye gari ili mama mkwe apate kuingia bila kukutana naye. Alisikia vigelegele vya majirani, kisha kilio chembamba cha mwanawe, kisha kimya cha bibi anayemtazama mjukuu. Jua lilikuwa bado lipo. Alichukua tambaa akaanza kupangusa vioo, na mara hii mfuniko aliuacha na vumbi lake.

Punde akasikia, kupitia dirisha la chumba, sauti ile ya chini.

"Limi, mwambie mwenye gari maji ya kunawa yako tayari."

Tambaa likasimama kwenye kioo. Limi alitokea mlangoni, mtoto mkononi, uso umechoka na unacheka.

"Baba Klara, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Maduhu. "Lakini wewe niambie tu, kama ulivyotumwa."